Slaidi ya malaria, kutoka ncha ya kidole hadi tarakimu: mwongozo kamili kwa anayeanza kazi katika maabara ya utafiti

Mtoto wa miaka mitatu amelala begani kwa mama yake, hana tena nguvu ya kulia. Kipimajoto cha kwapani kimesoma 38.4. Mama ananiambia, "Dokta, mwangalie vizuri tafadhali. Juzi tulipopimwa tuliambiwa hana malaria, na homa iko palepale." Mimi ni mtu wa maabara ya utafiti, siandiki dawa, lakini ombi la mama yule ndilo kazi yenyewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumwangalia vizuri, na nitamfuata mtoto huyo mmoja kuanzia kidole chake hadi jibu lake.

Namwandikia mteknolojia au msaidizi wa utafiti aliyemaliza chuo, akaajiriwa kwenye mradi wa malaria, na wiki ya kwanza akagundua kwamba mambo mengi ya mkono na jicho hayakuwemo kwenye mtihani.

Utauliza: slaidi ya nini tena, wakati vipimo vya haraka vimejaa na mashine za kupima vinasaba zipo? Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na zahanati nyingi zisingeweza kulitimiza hilo bila kipimo cha haraka. Ila kipimo hicho kinajibu ndiyo au hapana. Slaidi inakwambia ni kimelea wa aina gani, yuko hatua gani ya maisha yake, na wapo wangapi katika mikrolita moja ya damu. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S lililoanza 2009 lilifanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania, na Kilifi, Siaya na Kombewa kwa Kenya. Kipimo chake kikuu kilikuwa hiki: mtoto amefikishwa kituoni anaumwa, joto la kwapani ni 37.5 au zaidi, na damu yake ina vimelea zaidi ya 5,000 kwa mikrolita. Hiyo 5,000 ilihesabiwa na watu waliokaa mbele ya hadubini, kaunta mkononi, slaidi moja baada ya nyingine. Chanjo ilipokuja kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2021, ushahidi wake ulikuwa umepita katika macho ya wateknolojia hao.

Kabla hujamgusa mtu

Anza na kioo. Slaidi zikitoka kwenye boksi jipya huwa bado hazijawa safi kiasi cha kutosha. Zina vumbi na mafuta membamba, na huku Pwani unyevu huzigandisha mbilimbili na kuziachia ukungu. Zifute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, zikauke, kisha zishike kwa kingo tu. Alama ya kidole iliyoachwa juu ya kioo hufanya damu iruke mahali hapo, na tone nene lililopakwa juu ya mafuta hubanduka wakati wa kuosha.

Andika namba ya mshiriki, tarehe na saa kwenye ncha ya slaidi iliyokwaruzwa kiwandani ili iandikike, kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye methanoli na namba ikapotea mbele ya macho yako. Andika mshiriki akiwa mbele yako, msomee jina na namba yake, na usifungue slaidi ya mwingine kabla hujamaliza ya huyu. Slaidi iliyopakwa vibaya hurudiwa. Slaidi mbili zilizobadilishana namba huleta majibu mawili safi kabisa kwa watu wasio wenyewe, na hakuna kifaa cha maabara kitakachoweza kulitambua kosa hilo.

Ridhaa ya utafiti ni kitu kingine na ridhaa ya matibabu, na mzazi lazima aijue tofauti: akikataa utafiti, mwanawe atapimwa na kutibiwa vilevile. Pwani yetu habari za mumiani hazijafa, na mtu akiona damu inawekwa kwenye karatasi na kufungwa kwenye mfuko ana haki ya kuuliza inakwenda wapi. Usimjibu kwa maneno ya kitaalamu. Mwonyeshe kapilari, yaani mrija mwembamba wa kuchukulia damu, mwonyeshe mstari wa mikrolita tano, mwambie damu yote unayochukua ni matone machache, mwambie ile karatasi itahifadhiwa wapi na kwa ajili gani. Nikiwa na nafasi humruhusu mama aangalie kwenye hadubini slaidi ya mafunzo. Dakika mbili hizo hujenga imani kuliko fomu ya kurasa sita.

Kuchoma kidole

Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa chagua kidole cha pete au cha kati cha mkono asioutumia sana. Kwa mtoto mchanga tumia kisigino au kidole gumba cha mguu. Vaa glavu, futa kwa pamba ya spiriti, halafu subiri pakauke kabisa. Wengi hawasubiri, na spiriti iliyobaki huingia kwenye damu ikazivuruga chembe nyekundu. Choma ubavuni mwa nyama ya ncha ya kidole, si katikati ambako maumivu ni makali. Lanseti iende moja kwa moja kwenye sefti boksi. Usiiweke mezani hata kwa sekunde.

Futa tone la kwanza. Kisha bonyeza taratibu kutoka chini ya kidole kwenda juu. Ukikamua kwa nguvu unapata damu iliyochanganyika na maji ya mwili, na idadi ya vimelea inashuka kwa kosa la mkono wako. Mimi hufuata mpangilio huu: kwanza kipimo cha haraka, kwa sababu kinahitaji kipimo kamili cha damu na muda wake unaanza kwenda, kisha slaidi, mwisho matone ya karatasi ya chujio. Kama damu imetoka kwenye mshipa na kuingia chupa ya EDTA (dawa inayozuia damu isigande), tengeneza slaidi ndani ya saa moja. Kimelea akikaa muda mrefu kwenye dawa hiyo hubadilika umbo, na msomaji atababaika akijaribu kutambua aina yake.

Tone nene na utando mwembamba

Tone nene ni la kutafuta na kuhesabu. Weka mikrolita 6 za damu, kisha kwa kona ya slaidi nyingine izungushe ienee kwenye duara la kama milimita 12. Usikoroge kwa muda mrefu. Kipimo cha wazee wa kazi hii ni gazeti: weka slaidi juu ya gazeti, na herufi zisomeke kwa shida kidogo kupitia kwenye damu. Zisiposomeka kabisa, tone ni nene mno na litabanduka. Zikisomeka kama hakuna damu juu yake, tone ni jembamba na utahesabu mchana kutwa.

Utando mwembamba ni wa kutambua aina. Mikrolita 2 zinatosha. Gusa damu kwa ukingo wa slaidi ya kusukumia iliyolala nyuzi 45, iache damu itambae ukingoni, halafu sukuma mbele kwa mwendo mmoja usiosita. Utando mzuri unaishia kwa mkia mwembamba ambamo chembe nyekundu zimelala moja moja bila kupandana. Mkono wako utatetemeka kwa siku kadhaa za kwanza. Chukua slaidi hamsini na damu ya mazoezi, sukuma hadi utetemeko uishe, kabla hujawekwa mbele ya mshiriki.

Kwa utafiti tengeneza angalau slaidi mbili kwa kila mtu, moja ya kupakwa rangi na moja ya akiba. Umuhimu wake utauona hapa chini.

Zikaushe zikiwa zimelala bapa, zimefunikwa. Nzi hula damu mbichi, na mende pia. Nimewahi kukuta asubuhi tone nene lenye mashimo kama yaliyotobolewa na sindano. Usizianike juani wala usizipitishe juu ya moto. Joto huigandisha himoglobini ndani ya tone nene, na hapo rangi haitapenya. Wakati wa masika tone linaweza kuhitaji usiku mzima kukauka, na hilo ni sawa. Ila usiziache siku nyingi bila kupaka rangi, maana tone nene hujigandisha lenyewe kadiri muda unavyopita, hasa kwenye joto.

Sasa gandisha utando mwembamba peke yake kwa kuuchovya kwenye methanoli sekunde chache. Tone nene lisiguswe na methanoli hata mvuke wake. Ikaushe slaidi ikiwa imeinamishwa, upande wa tone nene ukiwa juu. Chupa ya methanoli ifungwe kila mara. Methanoli hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya Tanga au Mombasa haina uhaba wa maji. Methanoli yenye maji huacha vishimo vinavyong'aa ndani ya chembe nyekundu, na msomaji mchanga atavihesabu vimelea.

Rangi, na habari ya maji

Rangi tunayotumia ina jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg aliyechapisha mchanganyiko wake mwaka 1904. Ina azuri na eosini, na uzuri wake ni kwamba inakipa kiini cha kimelea wekundu na mwili wake ubluu. Kwa utafiti tunatumia asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45: mililita 3 za rangi kwa mililita 97 za maji ya bafa, yaani maji yaliyotengenezwa ili pH yake isibadilike ovyo. Zahanati yenye foleni hutumia asilimia 10 kwa kama dakika 10. Njia ya polepole hutumia rangi kidogo na hutoa picha safi zaidi. Mgonjwa akiwa mahututi tumia ya haraka, jibu lake haliwezi kusubiri.

Chuja rangi. Chupa ya akiba iwe ya kioo cheusi na isiingie hata tone la maji, kwa hiyo usichovye humo pipeti yenye unyevu. Mchanganyiko wa asubuhi unatumika siku hiyo hiyo, unaobaki unamwagwa.

Jambo linaloharibu slaidi nyingi kuliko yote ni pH ya maji, kipimo cha uasidi wake. Iwe 7.2. Ikishuka, kila kitu kinaelekea upinki na kiini cha kimelea kinafifia. Ikipanda, kila kitu kinakuwa bluu nzito. Miaka ya nyuma, katika mradi wetu mmoja, slaidi za wiki nzima zilitoka za waridi mpauko. Tulilaumu rangi, tukalaumu damu, na kumbe mita ya pH haikuwa imesawazishwa kwa bafa ya rejea asubuhi ile ya Jumatatu. Damu ya watoto zaidi ya mia moja, waliochomwa vidole kwa ridhaa ya wazazi wao, ingepotea bure. Iliokolewa na slaidi za akiba ambazo hazikuwa zimepakwa rangi. Tangu hapo sijaruhusu rangi imwagwe juu ya slaidi ya mshiriki kabla slaidi moja ya majaribio, yenye vimelea tunaowajua, haijapakwa na kuangaliwa.

Wakati wa kuosha usiinamishe slaidi ukaimwaga rangi, utando wa uchafu ulioelea juu utashuka na kulala juu ya damu. Mimina maji taratibu kutoka upande wa utando mwembamba hadi uchafu uelee na kutoka wenyewe. Kisha isimamishe kwenye kishikio ikauke.

Kusoma

Anza na lenzi ya mara 10 utafute eneo zuri, halafu weka mafuta na ushushe lenzi ya mara 100. Duara unaloliona kwa mara moja tunaliita uga. Katika tone nene zuri kila uga una chembe nyeupe 15 hadi 20. Ziangalie hizo kwanza, kwa sababu ndizo shahidi wako: viini vyake vikiwa vya zambarau iliyokolea na mandhari yake ni safi, rangi imefanya kazi na unaweza kuamini utakachokiona. Vikiwa vimepauka, acha, rudia slaidi ya akiba.

Tembea kwenye tone kama mtu anayelima tuta kwa tuta: nenda hadi mwisho, sogea uga mmoja, rudi. Usirukeruke kutafuta mahali penye vimelea. Na kidole kisiache kucheza na skrubu ndogo ya kulenga, kwa sababu tone nene lina kina, na kimelea aliye chini haonekani ukiwa umelenga juu.

Kimelea katika tone nene amevuliwa nyumba yake. Chembe nyekundu imeshayeyuka. Plasmodium falciparum, mmoja wa aina za vimelea wa malaria, akiwa mchanga anaonekana kama nukta nyekundu yenye kipande cha ubluu: mara kama mkato, mara kama alama ya mshangao, mara kama ndege mwenye mabawa mawili anayechorwa na mtoto. Rangi mbili lazima ziwepo, nyekundu ya kiini na bluu ya mwili. Ukiona moja tu, si kimelea. Chembe sahani zina upinki wa chengachenga na hukaa kwa makundi. Chenga za rangi ni nyeusi, zinang'aa, na huonekana ukilenga juu ya damu badala ya ndani yake. Gametosaiti za falciparum, yaani hatua ya kimelea inayochukuliwa na mbu, zenye umbo la ndizi, huzikosei ukishaziona mara moja.

Kwa aina nyingine rudi kwenye utando mwembamba. Chembe nyekundu zenye ukubwa wa kawaida, pete nyembamba, wakati mwingine pete mbili ndani ya chembe moja au pete iliyobandikwa ukingoni, hiyo ni falciparum. Kimelea aliyejinyoosha kama mkanda kukatiza chembe ni malariae. Chembe iliyovimba, yenye umbo la yai na kingo zilizochanika, ikiwa na nukta ndani, ni ovale. Afrika Mashariki falciparum ndiye anayetawala, na hapo ndipo jicho linapozoea na kuwapita wengine. Angalia kila mara kama vile hujui.

Sasa jibu la hasi. Slaidi yenye vimelea 20,000 inajitangaza yenyewe, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataisoma. Hasi inahitaji kufanyiwa kazi. Huruhusiwi kuandika hasi kabla ya kupita nyuga 100 za lenzi ya mafuta, na miradi mingine inadai 200. Nyuga 100 ni dakika nyingi za shingo iliyoinama. Saa kumi jioni, ukiwa umebakiwa na slaidi nane na gari la mradi linawasha injini, ndipo hasi za uongo huandikwa. Weka ukomo wa slaidi kwa siku, na uheshimu ukomo huo hata mkuu wa mradi akikuhimiza.

Slaidi ya yule mtoto ilikuwa safi kwa nyuga kumi na nane. Kwenye uga wa 19 nikaona mkato mwekundu wenye kiwingu cha bluu pembeni. Nikacheza na skrubu, ukatoweka, ukarudi, rangi zote mbili zikiwepo.

Kuhesabu

Kaunta moja ya chembe nyeupe, nyingine ya vimelea. Ukifika chembe nyeupe 200, angalia: kama una vimelea 100 au zaidi, maliza uga uliopo na usimame. Kama ni 99 au pungufu, endelea hadi chembe nyeupe 500. Kisha zidisha vimelea kwa 8,000, gawanya kwa idadi ya chembe nyeupe ulizohesabu. Vimelea 340 kwa chembe nyeupe 200 ni 13,600 kwa mikrolita. Gametosaiti zihesabiwe kando, maana zinaweza kubaki kwenye damu baada ya tiba nzuri bila ya kuwa dalili kwamba dawa imeshindwa.

Ile 8,000 ni makadirio ya chembe nyeupe katika mikrolita moja ya damu ya mtu, nayo hutofautiana sana, hasa kwa watoto wagonjwa. Tazama inavyoweza kukuponza. Umehesabu vimelea 100 kwa chembe nyeupe 200: kwa 8,000 unapata vimelea 4,000. Lakini mashine ya damu ikisema mtoto huyo ana chembe nyeupe 12,000, vimelea ni 6,000. Katika jaribio lenye mstari wa 5,000, mtoto amehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila damu yake kubadilika. Kwa hiyo soma itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti: inataka makadirio au kipimo halisi? Chochote inachotaka, kitumike kwa washiriki wote tangu mwanzo hadi mwisho.

Ukikuta vimelea wengi kiasi kwamba huwezi kuhesabu kwenye tone nene, hamia utando mwembamba uhesabu chembe nyekundu zilizoambukizwa kwa kila 1,000 au zaidi, utoe asilimia. Hapo usisubiri kumaliza karatasi: mpigie tabibu. Zaidi ya asilimia 10 ni malaria kali hata kama mtoto bado anakaa.

Kila slaidi isomwe na wasomaji wawili, kila mmoja asijue jibu la mwenzake. Wakipishana hasi na chanya, au tarakimu zao zikiachana kuliko kiwango cha itifaki, msomaji wa tatu anaingia. Usimwonee haya mwenzako ukamnong'oneza. Kupishana kwenu ni taarifa, na mradi unaihitaji.

Mtoto wetu: vimelea 3 kwa chembe nyeupe 500. Hiyo ni 48 kwa mikrolita. Msomaji wa pili alipata 4. Maabara nyingi zenye foleni hazifikii chini ya 50 hadi 100, kwa hiyo aliyemsoma juzi na kusema hana kitu huenda hakuzembea.

Kipimo cha haraka pembeni ya slaidi

Fungua pakiti wakati huohuo unapopima, si kabla, kwani unyevu unaharibu karatasi iliyomo ndani. Angalia tarehe ya kuisha. Weka mikrolita 5, tumia bafa iliyokuja na kipimo hicho hicho, kamwe usiazime ya boksi lingine. Washa saa. Kama kampuni imeandika dakika 15, soma dakika ya 15. Kama 20, soma ya 20. Mstari hafifu ni chanya. Mstari wa udhibiti usipotokea, hakuna jibu, rudia.

Vipimo vingi vya Afrika vinatafuta protini ya falciparum iitwayo HRP2. Protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtu aliyemeza dawa mseto mwezi uliopita anaweza kutoa mistari miwili ilhali slaidi yake ni safi, na zote mbili zikawa zimesema kweli. Kuna na kinyume chake: kuna falciparum waliopoteza jeni la HRP2. Waliripotiwa Peru mwaka 2010, kisha wakaonekana katika Pembe ya Afrika, Eritrea, Djibouti na Ethiopia. Kwa kipimo cha namna hii hao hawaonekani kabisa. Hivyo ukipata slaidi chanya yenye vimelea wengi na kipimo hasi, usiifute mojawapo ili zifanane. Isomeshe slaidi upya, rudia kipimo kwa boksi la toleo jingine, na hakikisha matone ya karatasi ya chujio yamekauka usiku mzima, yamefungwa kwenye mfuko wake na silika jeli, ili yakapimwe vinasaba.

Kipimo cha yule mtoto kilikuwa hasi. Kwa vimelea 48 nilitarajia hivyo, kwa sababu vipimo hivi huanza kuona kwa uhakika kwenye 100 hadi 200.

Tarakimu hiyo ina maana gani katika mwili wenye kinga

Hapa ndipo mtu wa maabara anapoacha kuwa mashine. Katika vijiji vya malaria nyingi mtoto huzaliwa na kingamwili za mama, zinamlinda miezi ya mwanzo. Zikiisha, anaingia kipindi cha hatari: malaria inaweza kumuua. Akiumwa na kupona mara nyingi, kwanza anapata kinga ya kuepuka malaria kali, baadaye anapata ya kuzuia homa, na ya kuwafukuza vimelea wote labda asiipate maisha yake yote. Ndiyo maana utamkuta mvuvi wa miaka arobaini ana vimelea 300 kwa mikrolita na ametoka kuvuta nyavu. Huyo akija na homa, vimelea wake wanaweza kuwa wapita njia, na homa ikawa ya kitu kingine. Watafiti huweka mistari kama ile ya 5,000 kwa sababu hiyo, na mstari hutegemea umri na mahali.

Kinga hiyo hudhoofika usipoumwa na mbu wenye vimelea. Ndugu aliyeishi Muscat au London miaka kumi akirudi likizoni asijidai kuwa ni mzaliwa wa hapa. Mwili wake umeshaanza kusahau, na vimelea ambao shangazi yake anatembea nao wanaweza kumlaza wodini. Kwa mwenye mimba ya kwanza kuna hatari ya peke yake: vimelea hushikilia kwenye kondo la nyuma, na damu ya kidole ikaonekana safi huku kondo limejaa.

Urithi nao unaingia. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha kazi yake ya Afrika Mashariki iliyoonyesha kwamba wenye nakala moja ya jeni la selimundu wana ulinzi dhidi ya malaria ya falciparum. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kusoma slaidi za damu za watoto.

Kuhusu kupima kingamwili kwa ELISA niseme kwa ufupi: hicho kipimo kinaonyesha uliwahi kukutana na kimelea, hakisemi unaye leo. Kinafaa kujua eneo lina malaria kiasi gani na chanjo imeamsha nini mwilini. Hakitumiki kuamua dawa ya mgonjwa aliye mbele yako.

Basi niliandika kwenye fomu: falciparum, 48 kwa mikrolita, kipimo cha haraka hasi. Kisha nikamfuata tabibu kwa miguu, nikamwambia kwa mdomo kwamba idadi hii ni ndogo mno kubeba homa ya 38.4 kwa mtoto wa miaka mitatu. Alimfungua shati akahesabu pumzi kwa dakika nzima: 52. Kwa umri huo 40 tayari ni nyingi. Mtoto alikuwa na nimonia. Alipewa amoksilini, na dawa mseto pia, kwa kuwa mwongozo wa tiba unataka kila mwenye vimelea atibiwe. Karatasi iliyoandikwa "malaria chanya" peke yake ingempeleka nyumbani na nusu ya tiba.

Kufunga kazi ya siku

Futa mafuta kwenye lenzi kwa karatasi ya lenzi, si kwa karatasi ya chooni wala pindo la koti. Hadubini ilale kwenye kabati lenye balbu inayowaka au silika jeli, la sivyo kuvu wa Pwani wataota ndani ya lenzi na hakuna wa kuwatoa.

Ondoa mafuta ya slaidi kwa kuyafyonza kwa karatasi laini bila kusugua tone nene, ziache zikauke, zipange zikiwa zimesimama kwenye boksi kwa namba. Kwenye rejista andika boksi, safu na nafasi. Zile za akiba ambazo hazijapakwa rangi usizitupe hadi wasomaji wote wawili wamalize na data ifungwe. Ya mtoto yule iko boksi la 14, safu ya tatu, na uga wa 19 nimeuandikia vipimo vya jukwaa la hadubini, kwa sababu nawafundishia nayo wanaokuja wapya.